Nyanya za Uani na Ndege Wanaotaga Kati Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Miezi ya joto ikifika, mwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba hupata furaha mbili kwa mpigo: nyanya zinaanza kubadilika rangi, na hapo karibu, kwenye kichaka au chini ya paa, kuna ndege anayeatamia. Mara nyingi furaha hizi mbili hugongana. Ndege anadonoa nyanya, au anajenga pale pale unapotaka kuchuma. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa kila msimu. Majibu yanatokana na miaka mingi ya kulima minyanya na kuwavumilia ndege, na naamini uwani pana nafasi ya wote wawili.

Kwa nini nyanya niliyoipanda mwenyewe ni tamu kuliko ya kununua?

Si mapenzi tu yanayokudanganya. Nyanya ya biashara huchumwa ikiwa bado ngumu ili istahimili safari, na mara nyingi huivishwa baadaye kwa gesi ya ethilini, ile ile ambayo tunda hutoa lenyewe linapoiva. Rangi inakuja, lakini tunda lililokatwa mapema mno halikupata muda wa kupokea sukari yote kutoka kwenye majani.

Jambo la pili liko kwenye mbegu. Kwa miongo mingi wazalishaji wa mbegu walichagua minyanya ambayo tunda lake changa lina kijani hafifu kilicho sawa pande zote, kwa sababu huiva kwa rangi moja na kupendeza sokoni. Mwaka 2012 utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ulionyesha gharama yake: badiliko hilo la kurithi huzima jeni inayolisaidia tunda changa kutengeneza klorofili nyingi, ile rangi ya kijani ya mimea, na kwa hiyo tunda hujitengenezea sukari kidogo zaidi. Ukiona nyanya yako changa ina mabega ya kijani kizito karibu na kikonyo, usidhani ina kasoro. Mimi nikiyaona mabega hayo hufurahi.

Halafu kuna harufu. Ulimi huonja sukari na uchachu, lakini kile tunachokiita ladha ya nyanya kwa sehemu kubwa ni harufu inayopanda puani wakati wa kutafuna, nayo hupotea upesi kuliko vyote. Nyanya iliyokatwa dakika tano zilizopita, ikiwa bado na joto la jua, haihitaji zaidi ya chumvi kidogo.

Je, niziweke kwenye jokofu?

Zisizoiva, hapana kabisa. Chini ya nyuzijoto 12 hivi nyanya huacha kutengeneza sehemu kubwa ya harufu yake, na nyama yake huwa kama unga. Iliyoiva sana inayokaribia kuharibika unaweza kuiweka siku mbili tatu, kisha uitoe ikae nje kabla ya kuila. Nyingine zote zipange mezani, upande wa kikonyo ukitazama chini, bila kurundikana.

Nichume lini hasa?

Jibu langu huwashangaza wengi: usingoje iwe nyekundu kabisa ikiwa ndege, mvua kubwa au jua kali vinakutishia. Nyanya inapoanza kuonyesha wekundu au upinki kidogo kwenye kitako, tayari imejitengenezea karibu kila inachohitaji. Kutoka hapo itamalizia kuiva ndani ya nyumba bila hasara ya maana. Haihitaji jua la dirishani. Kinachoiivisha ni joto la wastani, na nyuzi 20 hadi 25 ndizo nzuri zaidi. Joto likipita nyuzi 30, rangi nyekundu inayoitwa likopeni hutengenezwa kwa shida, ndiyo maana kwenye wiki za joto kali nyanya hubaki za rangi ya machungwa hata zikiachwa shambani.

Ndege nao huvutwa na wekundu. Ukichuma katika hatua hiyo ya kwanza, utakuta nusu ya ugomvi wenu umeisha wenyewe.

Ndege wanadonoa nyanya zangu kila asubuhi. Nifanye nini?

Kwanza tazama wanadonoa vipi. Ukikuta tundu moja dogo kwenye nyanya hii na jingine kwenye ile, bila tunda kuliwa likaisha, huenda shida ni kiu. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na kwenye siku kavu ndege huigeuza kisima.

Weka maji. Karai au sahani pana ya udongo inatosha, kina kisizidi sentimita tano, chini pawe na mkwaruzo au mawe machache ili miguu isiteleze. Liweke mbali kidogo na minyanya, karibu na kichaka cha kukimbilia lakini si karibu sana kiasi cha paka kujificha humo na kuwavizia. Badilisha maji kila baada ya siku mbili au tatu. Yakikaa wiki nzima utakuwa unafuga mbu. Nimeona bustani ambako madonoo yalipungua sana ndani ya siku chache kwa sababu ya karai tu. Haifanyi kazi kila mahali, lakini anza hapo kabla ya kununua kitu chochote.

Nyanya iliyodonolewa usiile mbichi. Midomo na kinyesi cha ndege huweza kubeba bakteria, wakiwemo salmonela, na jeraha ni mlango. Itupe kwenye mboji. Zile nzima zioshe kwa maji yanayotiririka.

Vipi kuhusu wavu?

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Wavu wenye matundu makubwa, uliolegea na kutupwa juu ya minyanya kama shuka, ni mtego. Niliutumia mwaka wangu wa pili wa kulima, na asubuhi moja nilimkuta shomoro amejizungusha uzi shingoni na kwenye bawa. Alikuwa bado hai. Nilimkata nyuzi kwa mkasi wa kucha, akaruka, lakini mikono ilinitetemeka hadi mchana. Sijautumia tena.

Ukilazimika, chagua wavu wa matundu madogo yasiyopitisha hata ncha ya kidole, uukaze juu ya fremu hadi uwambike kama ngozi ya ngoma, ukingo wake uwe umebanwa chini, na uukague asubuhi na jioni. Njia niipendayo zaidi ni vifuko vya kitambaa chepesi: unavalisha kichala kimoja kimoja kinapokaribia kuiva na kufunga kwenye kikonyo. Hewa inapita, mwanga unapita, ndege hapati kitu cha kunasia mguu.

Nyuzi za kufungia minyanya pia ni hatari. Ndege anayejenga huzipenda, na uzi mrefu wa plastiki kiotani huweza kukaza mguu wa kinda hadi ukakatika. Tumia vitambaa vilivyochanwa vipande vifupi, na usiache mabaki yaning'inie.

Njiwa ametaga ndani ya mnyanya wangu! Nimhamishe?

Usimhamishe. Ukisogeza kiota hata hatua chache, mara nyingi mzazi hurudi palepale alipokizoea na kuyaacha mayai yapoe. Katika nchi nyingi kuharibu au kuondoa kiota kinachotumika ni kosa la jinai. Marekani ina sheria yake tangu 1918 na Uingereza tangu 1981. Lakini hata pasipo na sheria, hesabu inakupendelea wewe.

Njiwa wengi hutaga mayai mawili. Huyaatamia kama siku 14, na makinda hukaa kiotani kama siku 14 nyingine. Ni wiki nne. Mnyanya huchukua siku 60 hadi 85 kutoka kuhamishwa kitaluni hadi tunda la kwanza, kisha huzaa kwa wiki nyingi. Unachopoteza ni sehemu ya mavuno ya shina moja.

Lililonipata mimi lilikuwa hivyo hivyo. Njiwa alichagua pembe kati ya mti wa kuegemezea na shina la tatu, urefu wa kifua changu, akapanga vijiti vichache vibovu ambavyo hata mtoto angeona haya kuviita nyumba. Nilifanya hivi: niliacha kupogoa shina lile na jirani zake mawili, kwa sababu majani ndiyo paa lake. Nilimwagilia shinani taratibu kwa mpira, bila kunyunyiza juu. Nilichuma upande wa pili tu, saa zile zile kila siku, nikitembea bila kusimama mbele yake. Siku ya nne aliacha kunyoosha shingo nilipopita.

Nikagundua pia kwamba hakuwa mmoja. Njiwa hupokezana: kwa aina nyingi dume hukaa saa za mchana, na jike huchukua jioni, usiku na asubuhi. Ukifika wakati wa kupokezana utaona wawili kwa sekunde chache, mmoja akiingia mwingine akitoka, mayai yasipigwe na jua. Makinda yalipoanguliwa, wazazi wote wawili waliyalisha kile kinachoitwa maziwa ya njiwa, majimaji mazito yanayotengenezwa na ukuta wa gole, ule mfuko wa chakula kooni mwa ndege. Dume na jike wote wanayo. Ni ndege wachache sana duniani wanaoweza jambo hilo, na lilikuwa likifanyika sentimita thelathini kutoka kwenye nyanya zangu.

Nyanya za shina lile zilizoiva wakati huo ziliangukia chini. Sikuzihesabu.

Ndege wengine je, huchukua muda gani?

Ndege wadogo wengi wa uani hutaga yai moja kwa siku, alfajiri, na huanza kuatamia kwa dhati mayai yanapokaribia kutimia, ili yaanguliwe pamoja. Kuatamia ni siku 11 hadi 14 hivi, na kukaa kiotani wiki mbili au zaidi kidogo. Mbayuwayu wa majumbani ni wavumilivu zaidi: makinda yao hukaa kiotani kama wiki tatu.

Naweza kuchungulia kiotani?

Mara mojamoja, na kwa sekunde. Usipite kila siku kwenye njia ile ile hadi kiotani, maana paka na wanyama wengine hufuata nyayo na harufu. Usiende alfajiri wakati wa kutaga. Na yakishaota manyoya, makinda yakiwa yamejaza kiota hadi ukingoni, kaa mbali kabisa: yakishtuka huruka nje kabla ya wakati na hayarudi.

Raha kubwa iko kwenye kiti, mita kumi kutoka hapo, pengine na darubini ndogo. Utaona mzazi akiingia na kiwavi mdomoni, halafu akitoka na kifuko cheupe. Kile ni kinyesi cha kinda, kimefungwa kwenye ngozi laini kama mfuko, na mzazi hukibeba akakitupe mbali ili kiota kisinuke wala kuonekana. Nimemwonyesha kila mgeni wangu jambo hili na hakuna aliyewahi kuchoka kulitazama.

Nimekuta kinda chini. Nikilishika, mama atalikataa?

Hapana. Ndege wengi hawategemei harufu kutambua watoto wao, na mzazi aliyewekeza wiki nzima hamwachi mwanawe kwa sababu ya mkono wako. Kama halina manyoya au macho hayajafunguka vizuri, lirudishe kiotani. Kama lina manyoya, mkia mfupi, na linarukaruka, basi limeshatoka lenyewe na wazazi wako karibu wanalilisha. Lisogeze tu kichakani ikiwa lipo njiani, kisha ondoka, maana ukisimama hapo wazazi hawatashuka. Usilinyweshe maji mdomoni wala kulilisha mkate.

Je, ni kweli ndege hupunguza wadudu kwenye nyanya?

Ni kweli, na wakati mzuri kuliko wote ni wa makinda. Hata shomoro, ambaye ukubwani anaishi kwa nafaka na mbegu, huwalisha watoto wake wadudu katika siku za kwanza, kwa sababu kinda anahitaji protini nyingi na nyororo. Viwavi ndio chakula bora: laini, wanene, hawana miguu mirefu ya kukwama kooni. Wazazi wenye makinda manne au matano hufanya safari mamia kwa siku, na kila safari hupungua kitu bustanini.

Sitakuahidi kwamba watamaliza kila kitu. Inzi weupe na utitiri ni wadogo mno kwao, na hao inabidi uwakabili mwenyewe. Lakini tangu nilipoacha pembe moja ya uwa iwe na kichaka kinene, majani yenye matundu yamekuwa machache kuliko zamani.

Na dawa za wadudu?

Wakati wa makinda, usipige. Kiwavi aliyepigwa dawa hafi papo hapo. Huanza kuyumba na kulegea, na huyo mlegevu ndiye ndege humkamata kwa urahisi na kumpeleka kiotani. Okota viwavi kwa mkono jioni. Vidukari wapige kwa maji ya nguvu kutoka kwenye mpira, au kwa maji yenye sabuni kidogo, mbali na kiota. Majani ya chini yanayogusa udongo yaondoe, kwani ndiko ugonjwa wa bakajani huanzia. Magonjwa ya ukungu hupenda jani lililolowa, kwa hiyo mwagilia shinani, asubuhi.

Maua yanadondoka bila kufunga tunda. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea. Siku zikizidi nyuzi 32 hivi na usiku usipopoa chini ya nyuzi 24, chavua hudhoofika na ua huanguka. Usiku wa kati ya nyuzi 13 na 21 ndio mzuri. Subiri, tia matandazo, weka kivuli chepesi saa za mchana.

Ua la mnyanya hujichavusha lenyewe, lakini chavua imefungwa ndani ya mirija inayohitaji kutikiswa. Upepo husaidia. Nyuki wakubwa wenye manyoya husaidia zaidi: hulikumbatia ua na kutetemesha misuli ya mabawa hadi chavua inamwagika, na unasikia mlio wake ukipanda ghafla. Nyuki wa asali hawezi mtetemo huo. Siku zisizo na upepo, gongagonga kichala cha maua kwa kidole, karibu saa sita mchana.

Kitako cha nyanya kimekuwa cheusi na kimebonyea.

Si ugonjwa wa kuambukiza. Ni upungufu wa madini ya kalisi kwenye tunda, na mara nyingi kalisi ipo udongoni ila maji hayakuifikisha, kwa sababu mmea ulikauka, ukafurika, ukakauka tena. Mpe maji sawasawa, kama milimita 25 kwa wiki na zaidi kwenye joto, na ufunike udongo kwa matandazo ya sentimita tano hadi nane. Usizidishe mbolea ya naitrojeni. Matunda ya kwanza ndiyo huathirika zaidi. Yanayofuata mara nyingi huwa salama.

Na zinazopasuka?

Chanzo ni kile kile: maji mengi baada ya ukavu. Mvua kubwa ikinukia, chuma zilizoanza rangi.

Kuna siri ya kuupanda mche?

Upande kwa kina. Ng'oa majani ya chini na uzike shina hadi theluthi mbili. Shina la mnyanya huota mizizi popote linapogusa udongo, na mizizi mingi ndiyo itakayokuokoa kwenye wiki za joto. Jua kwa muda wa saa sita hadi nane kila siku, mboji ya kutosha, mti wa kuegemezea uusimike siku hiyo hiyo ili usije kukata mizizi baadaye. Minyanya inayorefuka bila kikomo ipunguzie machipukizi ya kwapani; ile mifupi inayoacha kukua yenyewe iache kama ilivyo, ukiipogoa unajinyima matunda. Vidole vitabaki na rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano na harufu isiyofanana na nyingine yoyote. Inatoka kwenye vinyweleo vya majani, nami siharakishi kuiosha.

Nikitaka kuwawekea sanduku la kiota?

Mbao isiyopakwa dawa, unene wa sentimita moja na nusu au zaidi, maana bati na plastiki huwaoka makinda. Tundu la milimita 32 linamfaa shomoro. Usiweke kijiti cha kutulia mbele ya tundu. Ndege hakihitaji na adui hukitumia. Toboa vitundu chini vya kutoa maji, litundike mita mbili hadi nne juu, likiepuka jua la mchana. Kwa mbayuwayu, kinachohitajika ni tope tu: sehemu moja yenye unyevu uwani, nao watalibeba kidonge kwa kidonge hadi ukutani.

Paka wangu je?

Makinda yanapoanza kuruka, mweke ndani, hasa alfajiri na jioni. Kengele shingoni haisaidii kinda asiyejua kuruka bado.

Nyanya ni tunda au mboga?

Kwa mtaalamu wa mimea ni tunda. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kwa ajili ya ushuru wa forodha ni mboga, kwa sababu watu huila na chakula kikuu. Wote wawili wako sahihi.

Naweza kutunza mbegu za mwaka ujao?

Ndiyo, kama aina yako si chotara. Chagua tunda bora la shina bora, kamua mbegu na maji yake kwenye glasi, ziache zichachuke siku mbili au tatu hadi ule utando wa kama jeli uachie, osha, kausha kwenye sahani mbali na jua. Zikikaa pakavu na penye ubaridi huota hata baada ya miaka minne.

Msimu ukiisha, niondoe kiota na mashina?

Usiwe na haraka. Ndege wengi hulea mara mbili au tatu kwenye msimu mmoja, na njiwa hurudia kiota kile kile. Angalia wiki mbili nzima. Kama hakuna anayeingia wala kutoka, safisha sanduku kwa maji ya moto kwa sababu ya viroboto na utitiri, kisha ng'oa minyanya. Zile nyanya za kijani zilizobaki usizitupe: kata tawi zima, lining'inize ndani kichwa chini, zitaendelea kuiva moja moja kwa wiki kadhaa. Njiwa wangu alitaga tena mwezi ule ule, na nilipokuja kukata shina lake lilikuwa limekauka kabisa, na vijiti vyake vichache vilikuwa bado vimeshikilia.